Kuchagua Risasi Inayoifaa Bunduki Yako: Mwongozo Kamili kwa Mmiliki Mwenye Leseni

Mmiliki wa bunduki anapofika dukani Mbeya au Iringa na kuomba "risasi za thelathini", muuzaji makini hana budi kumuuliza tena, kwa sababu jina hilo linaweza kumaanisha .30-06 Springfield, .308 Winchester, .300 Winchester Magnum au .30-30 Winchester. Hizo ni risasi nne tofauti, na hakuna hata moja inayoweza kushika nafasi ya nyingine. Asipoulizwa, mteja huondoka na boksi lisilo lake, na kosa hugundulika shambani, kidole kikiwa tayari kwenye kifyatulio.

Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mara nyingi mno, kwa wakulima wanaolinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na kwa wawindaji wenye vibali, hata nikaona heri niliandike hatua kwa hatua. Wengi hukwama palepale: wanaamini kwamba risasi ikiingia kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, basi ndiyo yake. Sivyo. Baadhi ya ajali mbaya kabisa za bunduki hutokana na risasi iliyoingia bila shida yoyote.

Mwongozo huu unahusu risasi za kiwandani zilizonunuliwa kwa muuzaji mwenye kibali, kwa ajili ya silaha iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015. Hauhusu magobore, wala hauhusu kujaza maganda upya, kwa kuwa kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Ukiuziwa au ukipewa risasi iliyojazwa upya na mtu wa mtaani, usiitumie hata moja, maana huwezi kujua ndani yake kuna baruti gani wala kiasi gani.

## Vifaa vya kuandaa

- Leseni yako ya umiliki, ambayo inataja aina ya silaha na namba yake.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali.
- Kioo cha kukuzia maandishi, hasa kama bunduki ni ya zamani.
- Kalipa ya kupimia milimita. Ya plastiki inatosha.
- Fimbo ya kusafishia mtutu, pamoja na vitambaa vya pamba na mafuta mepesi ya bunduki.
- Daftari na kalamu.
- Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio, kwa siku ya majaribio.
- Kijitabu cha mtengenezaji wa bunduki, ukiwa nacho.

Daftari lisidharauliwe. Mtu anayeandika alichonunua, lini, na bunduki ilipiga wapi, hahangaiki tena mwaka unaofuata.

## Maneno manne ya kuyafahamu

Risasi nzima ina sehemu nne. Ganda ni kopo la shaba linalobeba vyote. Kichwa ni kile kipande cha mbele kinachoruka. Baruti iko ndani ya ganda. Fataki ni kile kidonge cha duara kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Pini ya bunduki hukigonga, nacho hutoa cheche inayowasha baruti. Katika risasi ndogo za .22 fataki haionekani, kwa sababu kemikali yake imemwagwa ndani ya ukingo wa ganda, na ndiyo maana pini ya bunduki hizo hupiga pembeni na si katikati.

## Hatua ya 1: Hakikisha bunduki ni tupu

Elekeza mtutu upande usio na mtu, mnyama wala ukuta mwembamba. Toa magazini, fungua bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uiguse. Usiku umeme ukikatika, macho yanaweza kukudanganya, kidole hakidanganyi. Katika hatua zote hadi ya saba, kusiwe na risasi hata moja ndani ya bunduki.

## Hatua ya 2: Soma jina lililochongwa kwenye mtutu

Jina la risasi huchongwa ubavuni mwa mtutu, karibu na chemba, au kwenye chuma cha mwili wa bunduki. Pangusa vumbi na mafuta, mulika kwa tochi ukiwa umeilaza pembeni ili mwanga uingie kwenye michoro, kisha nakili neno kwa neno katika daftari. Usifupishe. Kama imeandikwa "300 WIN MAG", andika hivyo hivyo, maana neno la mwisho ndilo linalobeba hatari.

Sababu ni hii: namba ya kwanza mara nyingi hueleza unene wa kichwa tu, na unene mmoja hutumiwa na risasi nyingi. Risasi ya .308 Winchester na ya .30-06 zote zina kichwa chenye kipenyo cha milimita 7.82, lakini ganda la kwanza lina urefu wa takriban milimita 51 na la pili takriban milimita 63. Urefu peke yake nao hautoshi: ganda la .30-30 linakaribia sana urefu wa lile la .308, ilhali lina ukingo uliotokeza kitakoni na limeundwa kwa bunduki zenye nguvu ndogo zaidi.

Bunduki za zamani za Kijerumani zinahitaji uangalifu wa pekee. Zilizochongwa 8×57 bila herufi S zinaweza kuwa na mtutu wa kichwa cha milimita 8.09, wakati risasi zinazopatikana leo kwa kawaida ni za 8×57 IS au JS, zenye kichwa cha milimita 8.22. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini kichwa kipana kikilazimishwa katika mtutu mwembamba, shinikizo hupanda kupita kiasi ambacho chuma kiliundwa kustahimili.

Tahadhari: ikiwa maandishi yamefutika, au mtutu umewahi kubadilishwa, usikisie na usijaribu risasi moja baada ya nyingine. Mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali aipime chemba. Na kama jina la kwenye mtutu halilingani na la kwenye leseni, tatizo hilo limalizwe kituo cha polisi kilichokusajili kabla hujanunua chochote.

## Hatua ya 3: Kagua ndani ya mtutu

Chungulia kutoka upande wa chemba huku tochi ikimulika kutoka mdomoni. Unapaswa kuona mwanga safi na michirizi inayozunguka bila kukatika. Nyumba ya nyigu, tope, kitambaa kilichosahaulika au mafuta mazito ni vizuizi vya kutosha kuupasua mtutu hata kwa risasi sahihi kabisa. Pitisha kitambaa kikavu, uchungulie tena.

Kule Tukuyu na Mufindi, ambako ukungu hukaa siku nzima, kutu huanza mapema kuliko mtu anavyodhani. Doa la kutu linalotoka kwa kitambaa si tatizo kubwa. Mashimo yanayokwaruza fimbo, au uvimbe wowote unaouhisi ukipitisha vidole nje ya mtutu, ni sababu ya kusimama hapo hapo na kumwita fundi.

## Hatua ya 4: Linganisha mtutu na kitako cha ganda

Fungua boksi dukani, usisubiri kufika nyumbani. Chukua risasi moja, igeuze, usome maandishi yaliyochongwa kuzunguka fataki: kwa kawaida utakuta jina la mtengenezaji na jina la risasi. Jina hilo lilingane na ulichonakili kwenye daftari, herufi kwa herufi. Kisha soma risasi nyingine tatu au nne, kwa sababu maboksi yaliyowahi kufunguliwa huchanganywa.

Kinachoaminiwa ni kitako cha ganda, si karatasi ya nje. Boksi linaweza kupewa risasi za aina nyingine na mtu asiyekusudia ubaya wowote.

Risasi za kijeshi aghalabu hazina jina kitakoni, bali mwaka na alama za kiwanda. Msimamo wangu ni kwamba raia aziache, na sababu moja kubwa nitaieleza kwenye hatua ya fataki.

Ukimaliza hatua hii vizuri, utakuwa na majina matatu yanayofanana bila maelezo ya ziada: la kwenye leseni, la kwenye mtutu na la kwenye ganda. Muuzaji akikwambia kwamba "hii nayo huwa inaingia", rudisha boksi mezani.

## Hatua ya 5: Kwa wenye shotigani

Hapa ndipo makosa yalipo mengi zaidi, kwa kuwa shotigani ndiyo silaha ya wakulima wengi wa nyanda hizi. Namba ya shotigani huenda kinyume na akili ya kawaida: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Namba 12 ina tundu la takriban milimita 18.5, na namba 20 lina milimita 15.6 hivi.

Sasa fikiria nyumba yenye shotigani mbili, moja ya namba 12 na nyingine ya namba 20, na risasi zote zimetupwa kwenye mfuko mmoja. Risasi ya namba 20 ikiingizwa kwenye namba 12, haibaki kwenye chemba. Huteleza mbele na kukwama mwanzoni mwa mtutu, mahali ambapo jicho la haraka haliioni. Mwenye bunduki akifyatua husikia kimya, hudhani alisahau kuweka risasi, huongeza ya namba 12 nyuma yake na kufyatua tena. Mtutu hupasuka mbele kidogo ya chemba, na hapo ndipo mkono wa kushikia huwa umekaa. Kwa ajili ya hatari hii viwanda vingi hutengeneza ganda la namba 20 kwa rangi ya njano. Lakini rangi isiwe kinga yako ya pekee: risasi za namba tofauti zisikae kamwe katika mfuko mmoja, wala kwenye koti moja, wala kwenye droo moja.

Jambo la pili ni urefu wa chemba. Ubavuni mwa mtutu utaona 65, 70 au 76, ambazo ni milimita. Urefu unaoandikwa kwenye risasi ya shotigani ni urefu wa ganda baada ya kufyatuliwa, pale mdomo wake uliokunjwa unapofunguka. Risasi ya 76 isiyofyatuliwa ni fupi kuliko chemba ya 70, kwa hiyo itaingia na bunduki itafungika sawasawa. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda hufungukia sehemu nyembamba ya mtutu, njia ya marisau (vile vigololi vidogo vya ndani ya risasi) hubanwa, na shinikizo hupanda. Kupima kwa kalipa risasi ambayo haijafyatuliwa hakutakusaidia hapa, soma namba. Risasi fupi katika chemba ndefu ya namba ileile kwa kawaida haina madhara, bali ndefu katika fupi ni marufuku.

Mwisho, marisau ya chuma yasipitishwe kwenye mitutu ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi za madini ya risasi. Risasi ya kichwa kimoja nayo isipitishwe kwenye mtutu uliobanwa sana mdomoni, isipokuwa kijitabu cha mtengenezaji kinaruhusu.

## Hatua ya 6: Kagua fataki

Watu hukagua kichwa cha risasi kwa sababu kinang'aa, na huiacha fataki, ambayo ndiyo inayoamua kama risasi italia, italia lini, na kama mtutu utasalimika baadaye.

Panga risasi zote mezani, vitako vikiwa juu, umulike kwa tochi iliyolazwa. Kila fataki inapaswa kuwa sawa na uso wa kitako au imezama kidogo sana. Pitisha ncha ya kidole juu yake: usihisi kitu kilichotokeza. Fataki iliyotokeza inaweza kugongwa na uso wa bolti wakati wa kufunga, kabla hujagusa kifyatulio. Tenga pia yenye kibonyeo, iliyokaa upande, au yenye kutu ya kijani pembeni. Kutu hiyo ni dalili kwamba unyevu umefika, na fataki iliyoingiwa na unyevu huweza kukataa kabisa au, lililo baya zaidi, kuchelewa.

Wenye bunduki za kukokota kwa wenzo zenye magazini ya bomba chini ya mtutu, kama nyingi za .30-30, wana sababu ya ziada ya kuifikiria fataki. Ndani ya bomba hilo risasi hupangana mstari mmoja, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Kichwa chenye ncha kali ngumu kinaweza kuigonga fataki hiyo bunduki inaporuka. Nunua vichwa bapa au vya duara tu, au vile ambavyo mtengenezaji ameandika wazi kwamba vinafaa bomba.

Fataki za risasi nyingi za zamani za kijeshi zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Zikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani. Mafuta ya bunduki hayaiyeyushi. Maji ya moto ndiyo yanayoiondoa, kisha mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta. Katika ukungu wa Rungwe au Mufindi, mtutu uliofyatua risasi hizo jioni na kufutwa kwa mafuta tu unaweza kuanza kuota kutu kufikia kesho yake. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi: risasi za bei nafuu huweza kukugharimu mtutu mzima.

Wako pia wanaoniuliza kama fataki mbovu inaweza kung'olewa na kubandikwa nyingine. Jibu ni hapana. Mbali na sheria, kiwanda huchagua fataki kulingana na baruti iliyomo: risasi kubwa kama .300 Winchester Magnum ina baruti nyingi inayoungua polepole, nayo kwa kawaida hupewa fataki yenye moto mkali zaidi, ilhali ya .308 huridhika na ya kawaida. Kuzibadilisha kwa kukisia kunabadilisha shinikizo, na fataki yenyewe inaweza kulipuka mkononi inapong'olewa.

Risasi ulizozitenga usizitupe jalalani wala motoni, na usizizike. Zikabidhi kituo cha polisi.

## Hatua ya 7: Chagua uzito na aina ya kichwa

Uzito wa kichwa huandikwa kwa greini. Greini 180 ni takriban gramu 11.7. Kwa .308 na .30-06, uzito wa greini 150 hadi 180 unatosha kwa wanyama wa ukubwa wa pongo na nguruwe pori, na ndio utakaoukuta madukani mara nyingi. Chagua kichwa chenye ncha laini, kinachofunguka ndani ya mwili, ili mnyama asikimbie na jeraha na ili risasi isimtoboe na kwenda kumpata aliye nyuma. Vichwa vigumu visivyofunguka ni vya wanyama wakubwa kama nyati, na kwa hao zungumza na afisa wanyamapori aliyekupa kibali kuhusu silaha inayoruhusiwa.

Nunua boksi mbili za aina moja na uzito mmoja, zenye namba moja ya toleo la kiwanda. Hili litakusaidia katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 8: Jaribu mahali panaporuhusiwa

Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, wenye ukuta wa udongo nyuma ya shabaha. Vaa miwani na vizibo. Laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi tatu kwa utulivu katika umbali wa mita 100, au mita 50 ukiwa na shotigani ya risasi ya kichwa kimoja, kisha acha mtutu upoe. Usirekebishe darubini baada ya risasi moja. Tazama zote tatu zilivyojikusanya.

Bunduki mbili za jina moja zinaweza kupenda vichwa vya uzito tofauti. Ukibadilisha aina au uzito, anza upya, kwa kuwa mahali pa kupiga patahama hata kama jina la risasi ni lilelile.

Ukifyatua na kusikia *ta* tu bila mlio, usifungue bolti. Weka mtutu kwenye shabaha na uhesabu hadi sitini, kwa sababu fataki iliyochelewa inaweza kuwasha baruti baada ya sekunde kadhaa. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama, toa risasi zote na uchungulie mtutu: kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani, na risasi inayofuata itaupasua.

## Hatua ya 9: Soma maganda yaliyofyatuliwa

Okota maganda yako na uyatazame vitako.

Alama ya pini iwe ya duara, yenye kina, katikati, na kingo za fataki zibaki na mviringo wake. Hapo umefanikiwa.

Fataki iliyobapa kabisa hadi kujaza tundu lake, iliyotoboka, au ganda linalong'ang'ania chemba hadi bolti ifunguke kwa nguvu, ni dalili za shinikizo kubwa. Acha kufyatua siku hiyo. Uliza kwanza kama risasi zilikaa kwenye dashibodi ya gari juani, jambo la kawaida safarini kuelekea Chunya au Usangu, maana baruti iliyopata joto husukuma kwa nguvu zaidi. Kama hapana, rudi hatua ya pili.

Alama ya pini isiyo na kina, pamoja na risasi zinazokataa, aghalabu si kosa la fataki. Makete na Njombe mwezi Juni na Julai, sakitu inapoanguka, mafuta mazito ndani ya bolti huganda na kuipunguzia pini kasi. Fundi aioshe bolti na kuipaka mafuta mepesi kidogo tu. Nimeona watu wakilaumu boksi tatu za risasi mfululizo kwa kosa la tone la mafuta ya gari.

## Hatua ya 10: Hifadhi

Risasi zikae ndani ya boksi lake la asili, kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, mbali na bunduki ambayo nayo imefungiwa peke yake, na funguo zisijulikane na watoto. Weka ndani ya sanduku vifuko vya kukaushia unyevu, ubadilishe kila masika. Usizipake mafuta, kwa sababu mafuta yanayopenya huingia kwenye fataki na kuiua. Usiziache kwenye mkanda wa ngozi baada ya kutoka porini, kwa kuwa asidi ya ngozi huleta ile kutu ya kijani. Jikoni, juu ya dari lenye moshi na mvuke, si mahali pake.

Katika daftari andika tarehe ya kununua, jina kamili, uzito wa kichwa, namba ya toleo, idadi iliyobaki, na mahali ambapo risasi tatu za majaribio zilipiga. Chukua daftari hilo utakapokwenda dukani tena, umwonyeshe muuzaji ukurasa badala ya kumtajia namba kwa mdomo.